Seva Moja, Ahadi Nyingi: Mhadhara juu ya Kuunda na Kusimamia Mashine Pepe



Nimeombwa nizungumze juu ya mashine pepe. Wengi mliomo ukumbini mnazitunza kila siku katika vyuo, hospitali, halmashauri na SACCOS, na hamna haja ya kuelekezwa pa kubonyeza. Wengine ni wakuu wa idara, watu wanaoletewa ankara ya seva na kuitia saini bila kuambiwa kilichomo ndani. Nitazungumza na pande zote mbili, maana hoja yangu inazigusa zote.

Hoja yenyewe ni hii. Ukiigawa seva moja ikawa mashine ishirini, hujaongeza prosesa wala kumbukumbu hata chembe. Ulichoongeza ni ahadi. Kila mashine pepe imeahidiwa viini kadhaa vya prosesa, kumbukumbu ya kiasi fulani, nafasi ya diski, na kwamba majirani zake hawatachungulia mambo yake. Kuiunda ni kazi ya dakika chache. Kuisimamia ni kujua, siku yoyote utakayoulizwa, umeahidi nini, umemwahidi nani, na itakuwaje wote wakija kudai kwa mpigo.

Kumbukumbu iliyoahidiwa mara 14

Jambo hili si la juzi. Mwaka 1964, katika kituo cha utafiti cha IBM kilichokuwa mjini Cambridge, Massachusetts, timu ya Robert Creasy ilianza kubuni mfumo ulioitwa CP-40. Kompyuta za enzi zile zilikuwa ghali mno, na kila idara ikigombania zamu. Creasy na wenzake wakachagua njia ya ajabu kidogo: badala ya kumgawia kila mtumiaji kipande cha kompyuta, walimpa kila mmoja kile alichokiona kuwa kompyuta nzima, yake peke yake.

Mfumo ulianza kutumika mwaka 1967. Uliweza kuendesha mashine pepe 14 kwa pamoja, na kila moja ilijiona ina kumbukumbu ya KB 256. Lakini kompyuta halisi iliyozibeba, System/360 Modeli 40, ilikuwa na kikomo cha KB 256 tangu kiwandani. Yaani kumbukumbu ile ile iliahidiwa mara 14. Na mambo yalikwenda, kwa sababu watu 14 hawafanyi kazi nzito sekunde ile ile: huyu anaandika, yule anasoma majibu, mwingine ameinuka kitini. Sehemu ya kumbukumbu isiyoguswa kwa muda ilipelekwa kwenye hifadhi ya nje na kurudishwa mwenyewe alipoihitaji.

Mwaka 1972 IBM ilitangaza VM/370, na teknolojia hii ikatoka maabara ikaingia sokoni. Miaka miwili baadaye, Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha makala iliyoweka masharti ambayo hadi leo ndiyo kipimo. Kwanza, programu iliyo ndani ya mashine pepe ipate matokeo yale yale ambayo ingepata kwenye mashine halisi. Pili, amri zake nyingi zitekelezwe na prosesa moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu wa kati. Tatu, yule anayegawa rasilimali asinyang'anywe madaraka na anaowagawia. Mgawaji huyo ndiye tunayemwita haipavaiza: programu inayokaa kati ya vifaa halisi na mifumo endeshi inayovitumia.

Prosesa za Intel zilizotawala ofisi zetu kuanzia miaka ya 1980 hazikutimiza masharti hayo. Nitoe mfano mmoja. Kuna amri iitwayo POPF, ambayo mfumo endeshi huitumia, pamoja na mengine, kuruhusu au kuzuia miito ya vifaa kama kibodi na kadi ya mtandao. Ikitolewa na programu isiyo na mamlaka hayo, prosesa haikatai na wala haitoi taarifa. Inairuka sehemu ile kimya kimya na kuendelea. Mfumo endeshi wa ndani unadhani umezuia miito, haipavaiza haina habari kwamba kuna ombi lililotolewa, na kuanzia hapo kila mmoja ana ukweli wake. Mwaka 2000 watafiti waliichambua prosesa ya Pentium wakakuta amri 17 zenye tabia ya namna hiyo.

Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa California mwaka 1998, iliikwepa kasoro hiyo kwa kuzisoma amri za mfumo wa ndani na kuziandika upya zile za hatari kabla prosesa haijazifikia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, na mradi wao wa Xen wa mwaka 2003, walipita njia nyingine: waliurekebisha mfumo endeshi wenyewe ili ujue kwamba unakaa kwa mwenyeji. Kisha Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 wakaongeza msaada ndani ya prosesa zenyewe. Februari 2007, kazi ya Avi Kivity iitwayo KVM iliingizwa rasmi katika Linux toleo la 2.6.20, na tangu hapo yeyote mwenye Linux ana haipavaiza bila kulipa senti. Vyuo na ofisi zetu vimefaidi hapo kuliko penginepo pote katika historia hii.

Mashine nzima katika mstari mmoja

Kabla ya kujenga, tuchungulie ndani. Kwenye seva ya Linux, andika amri hii:

egrep -c '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo

Neno vmx ni alama ya Intel, svm ni ya AMD. Jibu likiwa sifuri, usikimbilie kununua seva mpya. Mara nyingi msaada upo ila umezimwa kwenye BIOS, na unaweza kuuwasha kwa kuanzisha upya mara moja.

Ukishaunda mashine pepe, orodhesha kazi zinazoendeshwa na seva kwa amri ya ps. Utaiona mashine yako nzima, na Windows yake, hifadhidata yake na watumiaji wake wote, imekaa kwenye mstari mmoja kama programu nyingine yoyote. Programu hiyo ni QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, nayo ndiyo inayoigiza diski, kadi ya mtandao na skrini. KVM inaiwezesha kuitumia prosesa halisi moja kwa moja. Juu yake kuna vyombo vya usimamizi: libvirt na amri yake ya virsh kwa wapenda kuandika, au Proxmox VE, iliyotoka Vienna mwaka 2008, kwa wanaotaka kusimamia kila kitu kupitia kivinjari.

Mstari ule mmoja unafundisha jambo ambalo mafundi wengi hulifahamu wakiwa wamechelewa. Kiini pepe si kipande cha prosesa kilichokatwa na kutengwa. Ni nafasi katika foleni. Mashine yenye viini pepe 8 ina waombaji 8 kwenye foleni ile ile wanayopanga wengine wote. Fundi akiona mashine inasuasua akaipandisha kutoka viini 4 hadi 16, huenda ameirefusha foleni iliyokuwa ikimchelewesha.

Tujenge seva ya chuo

Tuchukue mfano wa seva moja ya chuo cha kati. Ina soketi 2 zenye viini 8 kila moja, yaani viini halisi 16. Kumbukumbu ni GB 128. Diski ni SSD 4 za TB 1.92 zilizopangwa mbili-mbili kwa mtindo wa RAID 10, kwa hiyo nafasi inayotumika ni TB 3.84, nusu ya jumla, kwa kuwa kila data inaandikwa mara mbili.

Chuo kinataka mashine 7. Hifadhidata ya wanafunzi ipewe GB 32 na viini pepe 8. Mfumo wa masomo ya mtandaoni, GB 24 na viini 8. Barua pepe, GB 16 na viini 4. Maktaba, GB 8 na viini 4. Tovuti, GB 8 na viini 4. Mashine ya majaribio, GB 8 na viini 2. Ya mwisho ni DNS, ile inayotafsiri majina ya mtandao, GB 2 na viini 2. Jumlisheni: GB 98 za kumbukumbu, viini pepe 32.

Tuanze na kumbukumbu. Seva yenyewe inahitaji kula, tuitengee GB 8. Tukitumia mfumo wa mafaili wa ZFS, nao una hazina yake ya muda ndani ya RAM. Matoleo ya karibuni ya Proxmox huiwekea kikomo cha asilimia 10, karibu GB 13 kwa seva yetu. Ila ukiwa na usakinishaji wa zamani, kikomo cha kawaida ni nusu ya kumbukumbu yote, na hapo hesabu yako imekwisha kabla hujaanza. Kwa hiyo 98, na 8, na 13: jumla GB 119. Zimebaki 9. Chuo hiki kimejaa. Akija mkuu wa idara kesho na ombi la mashine ya GB 16, jibu la kweli ni kwamba kuna mwingine lazima apunguziwe.

Kwa upande wa prosesa, viini pepe 32 juu ya viini halisi 16 ni ahadi mbili kwa kiini kimoja. Hilo linavumilika, maana maktaba ikiwa na shughuli saa nne asubuhi, mfumo wa masomo hupamba moto jioni. Angalieni pia kwamba hakuna mashine iliyozidi viini 8. Nimefanya hivyo makusudi. Kila soketi ina kumbukumbu yake ya karibu, na mashine inayotanda soketi mbili hulazimika kufuata data upande wa pili, jambo linaloongeza ucheleweshaji usioonekana kwenye ripoti yoyote ya matumizi.

Katika uundaji wenyewe, vifaa vya kuigizwa vina maana kubwa. QEMU inaweza kuigiza kadi ya mtandao ya Intel ya zamani ambayo kila mfumo endeshi unaijua, lakini kila pakiti inalipa gharama ya maigizo hayo. Njia bora ni virtio, vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe tu, ambapo mgeni, yaani mashine pepe, na mwenyeji, yaani seva inayoibeba, wanaongea bila kuzunguka. Linux ina draiva zake tayari. Windows haina. Ndiyo maana anayesakinisha Windows kwa mara ya kwanza hufika mahali pa kuchagua diski akakuta orodha tupu, akadhani diski imekufa. Diski ni nzima. Unachotakiwa ni kuambatisha CD ya pili yenye draiva za virtio na kuzipakia pale pale.

Na ukitaka mashine nyingi zinazofanana, tengeneza kiolezo kimoja na kukinakili. Ila kabla ya kunakili, kifute kitambulisho cha mashine kilicho kwenye /etc/machine-id pamoja na funguo za SSH. Baadhi ya matoleo ya Linux hutumia kitambulisho hicho kuomba anwani ya mtandao. Usipokifuta, mashine mbili zitapewa anwani moja, na utakesha ukitafuta kebo mbovu ambayo haipo.

Wote wakidai kwa pamoja

Wakala wa pesa za simu hashiki fedha taslimu sawa na salio la wateja wote wa mtaa. Anajua kwamba hawatakuja wote saa moja, na anajua pia kwamba mwisho wa mwezi lazima aongeze akiba. Msimamizi wa seva yuko katika biashara hiyo hiyo, na ana droo tatu: prosesa, kumbukumbu na diski. Kila moja ikiishiwa huleta tatizo la aina yake.

Prosesa ikiishiwa, mambo yanakwenda polepole tu. Dalili iko ndani ya mashine pepe yenyewe: fungua top, tazama mstari wa prosesa, tafuta herufi st. Tarakimu iliyo kando yake ni asilimia ya muda ambao mashine ilikuwa tayari kufanya kazi lakini mwenyeji alikuwa akimhudumia mwingine. Ikipanda na kubaki juu, hakuna marekebisho ya programu yatakayokusaidia.

Kumbukumbu ikiishiwa, kuna kifo. Zipo mbinu za kuchelewesha siku hiyo. Mojawapo ni draiva ya puto, inayokaa ndani ya mashine pepe, ikajitanua na kumrudishia mwenyeji kumbukumbu isiyotumika. Mbinu zikifika mwisho, keneli, sehemu ya ndani kabisa ya Linux, huchagua programu ya kuua ili seva ipone, na kigezo chake kikubwa ni ukubwa wa kumbukumbu inayoshikwa. Rudini kwenye mstari ule wa ps. Kwenye chuo chetu, mstari mkubwa kuliko yote ni hifadhidata ya wanafunzi. Ukizidisha ahadi za kumbukumbu kwa ajili ya mashine ya majaribio, atakayeuawa huenda akawa ndiye uliyemthamini kuliko wote. Ushauri wangu ni mfupi: prosesa ahidi mara mbili, hata tatu, kumbukumbu usiahidi hata GB moja usiyokuwa nayo.

Diski ndiyo danganyifu kupita zote. Diski pepe ya GB 500 inaweza kuanza ikiwa na GB 12 tu kwenye hifadhi halisi na kukua kadiri inavyoandikwa. Ni rahisi kuahidi TB 8 juu ya TB 3.84 na kuishi raha mustarehe mwaka mzima. Siku hifadhi halisi inapojaa, QEMU husimamisha mashine inayojaribu kuandika. Kwa kuwa karibu kila mashine huandika kitu kila dakika, hata kama ni kumbukumbu za matukio tu, husimama moja baada ya nyingine. Ndani ya kila mashine, kipimo cha diski bado kinaonyesha nafasi tele, kwa hiyo aliyeingia kwa mbali haelewi kilichotokea. Na kufuta mafaili ndani ya mashine hakurudishi nafasi kwa mwenyeji mpaka uwe umewasha discard, ambayo humjulisha mwenyeji kwamba vipande fulani havina kazi tena. Wekeni tahadhari ilie hifadhi ikifika asilimia 75. Ikifika 95 mtakuwa mnazima moto.

Kurudi nyuma na kufufuka

Kuna ahadi mbili ambazo hufanana mpaka watu wakazichanganya. Ya kwanza ni snapshoti: unaigandisha hali ya mashine kabla ya kufanya sasisho, ukiharibu unarudi pale pale. Ya pili ni nakala rudufu: seva ikiungua au ikiibwa, mashine inafufuliwa mahali pengine.

Snapshoti haiwezi kutimiza ahadi ya pili kwa sababu inakaa kwenye diski ile ile. Kinachofanyika mara nyingi ni kwamba diski ya awali inafungwa, na kila kinachoandikwa baadaye kinaingia katika faili jipya la mabadiliko. Faili hilo hukua, na usomaji unalazimika kupita kwenye tabaka zaidi ya moja. VMware huwashauri wateja wake wasiiache snapshoti moja zaidi ya saa 72. Mimi nimekutana na seva ambazo snapshoti zake zina umri wa kuingia darasa la kwanza.

Nakala rudufu nzuri huanza ndani ya mashine. Sakinisha wakala wa QEMU ndani ya mgeni, ili chombo cha nakala kikianza kazi kiombe mfumo wa mafaili utulie kidogo, data iliyo njiani iandikwe, ndipo picha ichukuliwe. Bila hivyo unachonakili ni mashine iliyokatiwa umeme ghafla. Mara nyingi itaamka. Hifadhidata yenye shughuli nyingi ndiyo siku moja itakayogoma.

Halafu mahali. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini data za watu wengi zilipotea. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru kampuni hiyo imlipe fidia mteja aliyekuwa amenunua huduma ya nakala rudufu, kumbe nakala zake zilihifadhiwa katika jengo lile lile zilimokuwa mashine zake. Hiyo ni moja ya kampuni kubwa kabisa za Ulaya katika biashara hii. Sisi wenye seva chumba cha pili kutoka kwa mhasibu, na diski ya nakala juu ya seva hiyo hiyo, tuna la kujiuliza.

Tena nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni dhana. Chagueni mashine moja kila mwezi, mwirejeshe kwenye mtandao uliotengwa, iwashwe, mhusika wa idara aingie na kuthibitisha kwamba rekodi za jana zimo. Andikeni na muda uliotumika. Mkuu wa chuo akiuliza mtarudi lini baada ya ajali, mtakuwa na jibu lililopimwa.

Kuta na milango

Ahadi ya nne kati ya zile nilizozitaja mwanzoni ni ya faragha: kilicho ndani ya mashine moja hakitafikiwa na nyingine. Kwa jumla inatimizwa vizuri, lakini ina historia ya nyufa. Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM. Ilikuwa katika sehemu ya QEMU inayoigiza kidhibiti cha diski laini, zile floppy ambazo wanafunzi wengi hapa hawajawahi kuzishika. Kasoro ilikuwamo tangu 2004, na ilimwezesha mtu aliye ndani ya mashine pepe kujaribu kutoka na kumfikia mwenyeji. Hata kwa waliokuwa wamekizima kifaa hicho kwenye mipangilio yao, msimbo wake uliweza kubaki hai chini. Januari 2018 zikatangazwa Meltdown na Spectre, ambazo zilipenya kupitia namna prosesa zenyewe zinavyokisia amri zinazofuata. Somo ni kwamba kumsasisha mwenyeji ni muhimu kuliko kumsasisha mgeni yeyote, ijapokuwa ndiyo kazi inayoahirishwa kila mara kwa kuwa inahitaji kuzima vyote.

Hata hivyo, wavamizi wengi hawahitaji kupasua ukuta. Huingia kwa mlango wa usimamizi. Mwanzoni mwa Februari 2023, shambulio lililoitwa ESXiArgs lilifunga kwa usimbaji fiche maelfu ya seva za VMware duniani na kudai malipo ili zifunguliwe. Uchunguzi wa awali ulielekeza kidole kwenye kasoro ambayo kiraka chake kilikuwa kimetolewa Februari 2021, karibu miaka miwili kabla. Seva hizo zilikuwa hazijasasishwa, na milango yao ilionekana kwenye intaneti ya wazi. Aliyemshika mwenyeji amewashika wageni wote kwa mkupuo.

Kwa hiyo ukurasa wa usimamizi, uwe wa Proxmox kwenye mlango namba 8006 au wa chombo kingine, ukae katika mtandao wake wa ndani, ufikiwe kwa VPN, na kila msimamizi awe na jina lake la kuingilia. Akaunti moja ya root inayojulikana na watu watano haina mwenyewe.

Umeme, akidi na nyaya za baharini

Kwetu hapa umeme hukatika, na mashine pepe hazipendi kukatiwa ghafla. UPS peke yake haitoshi. Iunganishwe na seva ili betri ikishuka seva izime wageni kwa utaratibu. Utaratibu wa kuwaka nao upangwe: DNS kwanza, hifadhidata ifuate, ndipo mifumo inayozitegemea. Kwenye chuo chetu cha mfano, mfumo wa masomo ukiamka kabla ya hifadhidata utaonyesha kosa kwa wanafunzi wote, na fundi ataamshwa usiku kwa tatizo ambalo lingezuiwa kwa kujaza namba tatu kwenye mipangilio.

Wenye uwezo hununua seva ya pili na kuziunganisha kuwa klasta. Wengi hushangaa kwamba seva moja ikizimika, ile iliyobaki nayo hugoma kuwasha mashine yoyote. Haijaharibika. Klasta huamua mambo kwa akidi, na kura moja kati ya mbili si wingi. Seva iliyobaki haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au ni kebo tu iliyochomoka, na zote mbili zikiwasha mashine moja juu ya diski moja, data itaharibika. Dawa ni kura ya tatu, na hata kompyuta ndogo iliyo pembeni inatosha kuipiga.

Naulizwa mara kwa mara: kwa nini tusihamishe vyote wingu la nje ya nchi tuondokane na adha hizi? Baadhi ya mashine zihame, sina ugomvi na hilo. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo, seva iliyo jengo la pili huendelea kuwahudumia walio jengo la kwanza. Pia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Suala la mashine ikae wapi lijibiwe moja moja, kwa kuzingatia nani anaitumia na imebeba taarifa za nani.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mashine pepe huzaliwa kwa urahisi mno, na hakuna anayekumbuka kuzizika. Utakuta seva yenye mashine zinaitwa test2, test-mpya, usifute. Hakuna anayejua zinafanya nini, na kila mtu anaogopa kuzima. Wakati huo zinakula kumbukumbu, hazisasishwi, na ndimo wavamizi wanamopenda kuanzia.

Daftari langu lina safu sita: jina la mashine, mmiliki wake ambaye ni mtu wa idara na si fundi, kazi yake, rasilimali ilizoahidiwa, mara ya mwisho ilipojaribiwa kurejeshwa, na tarehe ya kufikiriwa upya. Tarehe ikifika na mmiliki hajajibu, mashine inazimwa bila kufutwa. Mwezi ukipita pasipo malalamiko, inanakiliwa na kuondolewa.

Ongezeni safu ya saba kwa ajili ya ahadi ambazo sisi tumepewa na wengine. Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, na Desemba ya mwaka huo huo leseni za kudumu zikaacha kuuzwa, zikabaki za kulipia kwa kipindi. Taasisi nyingi zilijikuta zinapiga upya bajeti zilizodhaniwa kuwa zimefungwa. Programu huria nazo zina gharama, ya mafunzo na ya watu, ila mafaili ya diski yakiwa katika muundo unaojulikana una njia ya kutokea. Andika njia hiyo mapema, ukiwa bado huihitaji.

Nimalizie na nyinyi wakuu wa idara. Fundi wenu anaweza kuwaundia mashine mpya alasiri hii, na ni vigumu kwake kumkatalia bosi. Kwa hiyo kabla hamjaomba, ulizeni daftari linasema nini. Kumbukumbu ikiwa imejaa, chagueni nyinyi wenyewe mashine ipi ipunguzwe, kisha mtie saini. Uamuzi wa nani akose ni wa uongozi. Ukiachwa mezani kwa fundi, utafanywa na keneli saa nane usiku, nayo haijui kama ni wiki ya mitihani.